Chumvi Iliyopanda Angani

Hotuba iliyotolewa Malindi tarehe 16 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Kuhifadhi Tabaka la Ozoni. Imeandikwa kutoka kwenye kinasa sauti; salamu za itifaki zimepunguzwa.

Wazee wangu, mama zangu, walimu, na nyinyi wanafunzi mliojibana huko nyuma karibu na mlango ili mtoke mapema: nawasalimu nyote. Mwenyekiti ameniambia nina nusu saa. Namjua tangu tukiwa chuoni kwa maalim. Nusu saa yake ni dakika arubaini.

Hapo mezani mnaona kiboksi cheupe, cha ile sponji ngumu ya kuwekea samaki barafu. Miaka ya nyuma mvuvi mmoja wa Ngomeni alikiokota kimenasa kwenye mikoko. Akakifungua pale pale, na nani asingefungua? Akakuta betri, pampu ndogo kama kidole gumba, na vikombe viwili visivyotosha hata kahawa ya sungura. Ndani ya kimoja palikuwa na ukoko mweupe. Akauonja. Alipokileta kwetu, sisi wapimaji wa ozoni, hakuuliza ni cha nani wala kama kina zawadi. Aliuliza jambo moja tu: "Nyinyi watu, mnapeleka chumvi mbinguni ya nini?"

Siku ile nilimjibu ovyo, kwa haraka. Leo nataka kumjibu vizuri. Na vijana, nyinyi msionje.

Mimi ni mtoto wa Gongoni. Marehemu baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi, na visigino vyake vilipasuka vikabaki vimepasuka hadi tunamzika. Basi chumvi naijua. Mnajua pia kwamba chumvi ya dukani hutiwa madini joto ili watu wasipate rovu. Madini joto hayo, kwa jina la kitabuni, ni iodini. Na ule ukoko wa kikombeni ni ndugu yake wa damu, iodidi ya potasiamu. Sifa yake kubwa ni kwamba haivumiliani na ozoni. Zikikutana tu, zinagombana.

Ozoni ni oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili. Ile harufu kali inayokupanda puani radi inapopiga jirani, au ukikaa muda mrefu kando ya mashine kuukuu ya fotokopi, ndiyo yenyewe. Sasa kaangalieni kazi ya kiboksi. Pampu inavuta hewa ya nje na kuipuliza ndani ya kikombe chenye mililita tatu za maji ya iodidi. Mnaona mapovu, kama mtoto anayepuliza soda kwa mrija. Kila molekyuli ya ozoni inayoingia mle hugombana na iodidi, na ugomvi huo husukuma elektroni mbili kupita kwenye waya. Umeme unaopatikana ni mdogo mno, sehemu chache za milioni ya ampea moja, lakini unahesabika. Umeme ukizidi, ozoni imezidi. Ukipungua, imepungua. Mtindo huu wa vikombe viwili ulibuniwa na Komhyr, mtafiti aliyefanya kazi Marekani, katika miaka ya 1960, na mpaka leo haujapata mpinzani wa kweli.

Kiboksi kinafungwa chini ya puto la mpira pamoja na kipima joto, kipima unyevu na redio. Linapaa kiasi cha mita tano kila sekunde. Katika saa moja na dakika arubaini hivi, liko kilomita 30 juu ya vichwa vyetu. Njiani limepita mahali penye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, hapo kwenye kilomita 16 au 17, na hapo ni juu ya Malindi, siyo Ulaya. Hewa ya nje inavyozidi kuwa nyepesi ndivyo puto linavyovimba. Lilipoondoka chini lilikuwa kimo cha mtu. Kule juu lingefunika nyumba. Mwisho linapasuka, na kiboksi kinarudi kwa mwavuli, popote upepo utakapo.

Ozoni yenyewe ni kidogo hata unaona haya kuitegemea. Chukua yote iliyo juu ya paa hili, mpaka mwisho wa anga, uishushe hapa chini na kuibana kwa kanieneo ya usawa wa bahari, kwenye nyuzi sifuri. Huku kwetu ikweta utapata unene wa kama milimita mbili na nusu. Haifiki soli ya kandambili iliyochakaa. Na hiyo ndiyo inayotukinga na mionzi mikali ya jua. Sehemu tisa katika kumi za ozoni ziko kule juu, kwenye tabaka tunalolisikia redioni. Sehemu moja iliyobaki imetawanyika katika hewa hii tunayovuta, na ndiyo iliyonifanya nije kuzungumza. Ya juu imeshapata watetezi wake: Mkataba wa Montreal wa 1987, sekretarieti yake iko Gigiri, Nairobi, na mwaka 2016 majirani zetu wa Kigali wakapokea marekebisho yaliyobeba jina la mji wao. Ile ya chini, hasa ya juu ya bahari, haina mwenyewe.

Nikisema bahari mnaweza kudhani ni mahali pasipo jambo. Mnaona maji, halafu maji tena. Lakini hewa ya juu ya bahari za joto ndiyo dobi wa dunia. Jua letu kali likiipiga ozoni, inavunjika. Kipande kimoja kikikutana na mvuke wa maji, na mvuke huku haukosekani, kinazaliwa kitu kiitwacho haidroksili. Umri wake ni kama sekunde moja. Ndani ya sekunde hiyo hushika uchafu wowote ulio karibu: moshi wa magari, gesi ya makaa, methani inayotoka kwenye majaruba ya mpunga na matumboni mwa ng'ombe. Sehemu kubwa ya methani ya dunia nzima inasafishwa katika ukanda huu wa joto. Ozoni ndiyo inayomzaa dobi, na ikishamzaa, inakuwa imekwisha. Nchi kavu, moshi hutengeneza nyingine. Baharini hakuna moshi, kwa hiyo kinachotumika hakirudishwi.

Kwa hiyo ukienda Samoa, katikati ya Pasifiki, ukapima ufukweni wakati wa kiangazi cha kusini, katika kila molekyuli bilioni moja za hewa unapata kumi na kitu tu za ozoni. Hewa safi kupita kiasi. Upepo huu unaoingia madirishani mwetu sasa ni ndugu yake: ni kusi, inamalizikia, imetoka bahari kuu ya kusini-mashariki, na kwa siku nyingi haijaonana na jiko wala tairi. Kaskazi ikigeuka mambo mengine. Ile inakuja kutoka upande wa Uarabuni na Bara Hindi na kila ilichokiokota njiani.

Sasa toka Samoa nenda kisiwa cha Ascension, katikati ya Atlantiki. Nacho ni mwamba mtupu baharini, latitudo nyuzi nane kusini, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka Afrika. Ungetarajia hesabu ya Samoa. Hupati. Mwezi kama huu wa Septemba na unaofuata, ukipanda kilomita chache tu, ozoni inafika 70 katika bilioni na kupita, kama vile umesimama pembeni ya jiji. Kuna nini Ascension? Hakuna kitu. Kuna Angola, kuna Zambia, kuna Kongo, kuna nyika zetu za Tanzania na Msumbiji, na ng'ambo ya pili Brazili, zote zinaungua katika kiangazi. Moshi unapanda, upepo wa matlai unausukuma magharibi, jua linaupika njiani. Radi za bara nazo zinaongeza chumvi yake, samahani, nimesema chumvi tena, kwa kuunguza nitrojeni ya hewa. Halafu hewa yote hiyo inateremka taratibu juu ya Atlantiki na kukaa. Bahari upande mmoja imejaa, upande mwingine tupu, na wimbi hilo linaizunguka dunia nzima.

Kwangu mimi, hilo ndilo jambo lililoniingia moyoni nilipolielewa mara ya kwanza. Kwamba mtu wa Mpika, kule Zambia, anawasha majani ya shamba lake, na hesabu yake inaandikwa juu ya bahari ambayo hataiona maishani.

Kuna mtu hapa atasema: si kuna setilaiti? Zipo, na nzuri sana. Lakini setilaiti inaangalia kutoka juu kuja chini, na ile ozoni nyingi ya tabaka la juu inaizibia. Ili kupata ya chini, mara nyingi wanapima yote, halafu wanaondoa ya juu. Ni kama kutaka kujua uzito wa tenga moja la nyanya kwa kupitisha lori kwenye mizani ya Mariakani mara mbili, mara likiwa nalo, mara likiwa halina. Kosa dogo kwenye lori, na tenga lako limepotea. Mawingu nayo yanakaa hapo hapo unapotaka kuona. Na msisahau kwamba lile tundu la ozoni la Antaktika lilitangazwa mwaka 1985 na Farman, Gardiner na Shanklin, Waingereza waliokuwa na mashine ya kuangalia jua, imekaa chini, kwenye kituo cha Halley, ambako vipimo vilikuwa vikichukuliwa tangu miaka ya 1950. Setilaiti zilikuwa zikipita juu yao wakati wote huo.

Mwaka 1998 mwanasayansi wa NASA, Anne Thompson, alifanya jambo ambalo naona lina akili ya mama mwenye nyumba. Hakujenga kituo kipya. Alitazama ni nani tayari anarusha maputo katika nchi za joto za kusini, mmoja hapa mara moja kwa mwezi, mwingine kule kila akipata vifaa, akawasaidia warushe mara kwa mara na akaweka daftari zao zote mahali pamoja, wazi kwa kila mtu. Mtandao huo unaitwa SHADOZ. Samoa imo, Fiji imo, Galápagos, Natal ya Brazili, Ascension, Irene ya Afrika Kusini, Réunion, ambako walianza kurusha tangu 1992. Nairobi imo: pale Dagoretti Corner, Idara ya Hali ya Hewa kwa ushirikiano na Waswisi, puto kila wiki tangu 1996.

Na Malindi ilikuwamo. Nataka vijana wasikie hili. Wazee wanaijua kambi ya Waitaliano ya San Marco, wanaijua Uhuru, setilaiti iliyorushwa pale baharini tarehe 12 Desemba 1970 ikapewa jina la sikukuu yetu. Wachache wanajua kwamba kati ya 1999 na 2006 kulirushwa pia maputo ya ozoni kutoka hapa hapa. Ukifungua daftari la SHADOZ leo utaikuta Malindi, imeandikwa jina, na safu zake za namba. Kisha zinakoma. Katika mtandao huo, ukifuata ikweta kutoka Nairobi kwenda mashariki, kituo kinachofuata ni Kuala Lumpur. Katikati ni Bahari ya Hindi nzima. Sisemi hivi kumlaumu mtu. Maputo ni gharama, na kiboksi ukishakirusha umekitupa, labda mvuvi awe mwema. Nasema tu kwamba tulikuwa na dirisha, na dirisha likafungwa, na bahari haikusimama kutungoja.

Nirudi kwenye kikombe, maana kuna siri moja imebaki. Huko Cabo Verde, kisiwa cha São Vicente, mahali paitwapo Calhau, kuna kituo kilichoanza kazi mwaka 2006, kinaangalia Atlantiki usoni. Mwaka 2008 walitangaza kwamba ozoni inapotea pale kwa kasi ya takriban nusu zaidi ya vile kompyuta zilivyokuwa zikisema. Mwizi alikuwa nani? Iodini na bromini kutoka baharini. Baadaye ikaonekana kwamba ozoni yenyewe, ikigusa uso wa maji ya chumvi, inagombana na iodidi iliyomo, na gesi za iodini zinatoka, zinapanda, zinakwenda kula ozoni nyingine. Ugomvi ule ule wa kikombeni. Tulidhani tumebuni kifaa, kumbe Mwenyezi Mungu ana kikombe chake, kimeanza pale ufukweni na kinaishia India.

Kazi hii ina udhaifu wake, na mkubwa kuliko wote ni mikono. Nikiwa mwanafunzi wa kazi, katika kituo ambacho sitakitaja, nilipewa kuunganisha mrija wa kuingizia hewa. Ni mrija mweupe wa tefloni, mwembamba kama wa kalamu. Nilikuwa nimetoka kunywa chai kwa mahamri. Mnajua mahamri yalivyo na mafuta. Nikafuta vidole kwenye suruali, nikashika. Puto likapaa vizuri, kila mtu anapiga makofi, na namba zikaanza kuja chini kuliko kawaida. Mafuta ya mahamri yangu yalikuwa yakila ozoni mlangoni kabla haijafika kikombeni. Mkuu wangu hakunigombeza. Aliandika kwenye daftari neno moja, "Isitumike", akanipa nisome, akaondoka. Safari nzima ya kilomita 30. Tangu siku ile hata pete sivai kazini.

Makosa mengine si ya mahamri, na hayo ndiyo ya kutisha. Mwaka 2017 warushaji wa vituo vya SHADOZ, Mkenya mwenzetu akiwamo, walikusanyika Jülich, Ujerumani, kwenye chumba kikubwa cha chuma kinachoweza kuigiza anga ya nchi za joto, baridi yake na wepesi wake. Vifaa vikawekwa mle pamoja na kipimo cha rejea. Matokeo yalikuwa ya kutia moyo, karibu asilimia tano tu ya tofauti. Hapo hapo, lakini, kukawa na kitendawili. Kati ya 2014 na 2016, vituo 14 katika 37 vya maputo vilivyochunguzwa duniani vilianza kuonyesha ozoni kidogo kuliko setilaiti zinavyoona, kwa asilimia tatu hadi saba, ghafla, kama mtu amekata kwa kisu. Ozoni imepungua kweli? Hapana. Vifaa vilibadilika mahali fulani, katika jambo ambalo jicho halioni. Sasa fikirini: mabadiliko ya kweli tunayoyatafuta juu ya bahari ni ya asilimia chache tu kwa miaka kumi. Kama kifaa kinakudanganya asilimia tano katika mwaka mmoja, unajuaje? Unajua kwa sababu kuna mtu aliyeandika kila kitu: namba ya kifaa, siku ya kukisafisha, nani alitengeneza maji ya iodidi, mapovu yalichukua sekunde ngapi. Hapa setilaiti ndiyo iliyomkosoa puto, na zamani puto lilimkosoa setilaiti. Wanahitajiana kama mke na mume waliozeeka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali mawili, basi.

(Mwanafunzi mmoja aliuliza: mahali pasipo kisiwa, nani anapima?)

Swali zuri, na jibu lake ni meli. Januari na Februari 1999 meli ya utafiti ya Marekani, Ronald H. Brown, ilitoka Norfolk ikakata Atlantiki hadi Cape Town huku ikirusha maputo njiani. Wakati huo mioto ilikuwa Afrika Magharibi, kaskazini mwa ikweta. Ungetegemea ozoni iwe nyingi kaskazini, si ndiyo? Waliikuta nyingi zaidi kusini, kusikokuwa na moto. Mpaka leo watu wanapenda kulirudia fumbo lile. Ndege za abiria nazo zinasaidia, nyingine zimefungwa vipimo chini ya tumbo. Lakini ndege hupita njia zake, na sehemu kubwa ya bahari hakuna anayepita.

(Mzee mmoja aliuliza: je, sisi tunaochoma mashamba ndio wenye makosa?)

Mzee wangu, nyika ya Afrika imeungua tangu kabla ya babu yako na babu yangu, na radi inafanya sehemu yake bila kuomba ruhusa. Sikuja kuhukumu. Nikikwambia kwamba shamba lako ndilo limeijaza Ascension, nitakuwa mwongo. Nikikwambia halimo, pia nitakuwa mwongo. Ndiyo maana tunapima.

Sasa nilibakisha kitu. Nimesema mapovu huhesabiwa sekunde. Kabla ya kila safari lazima tujue pampu inavuta hewa kiasi gani, na hata leo, pamoja na kompyuta zote, njia ni hii: bomba la kioo lenye mistari, na sabuni. Pampu inasukuma povu moja kutoka chini hadi juu, mililita mia moja, na wewe una saa mkononi. Pampu nzima huchukua kama sekunde 28. Ikichukua 35 imechoka, haipai. Sabuni ninayo hapa, ni ya sahani, ya duka la jirani. Betri nimeichaji asubuhi. Nataka vijana wawili, mmoja mwenye saa ya sekunde na mwingine mwenye macho mazuri. Wewe mwenye kanzu, njoo. Na wewe binti uliyeuliza swali. Kaa hapa, usawa wa mstari wa kwanza. Mikono yenu mmeshanawa? Haya, nikisema "sasa", anza kuhesabu.